Matundu ya Kompyuta na Fedha ya Chama

Chama cha msingi kinapokusudia kununua kompyuta, aghalabu wajumbe wa Bodi huuliza mambo mawili tu: bei yake na ukubwa wa kumbukumbu yake. Swali la tatu husahauliwa, nalo ndilo linaloweza kukitia chama hasara: je, kompyuta hiyo itaungana na vyombo ambavyo chama tayari kinavyo? Printa ya kutolea stakabadhi na mizani ya kielektroni ya kupimia mazao kila moja ina waya wake, na kila waya una ncha yake. Ncha isipoingia katika tundu, chombo kilichogharimu fedha nyingi hugeuka pambo la ofisi, na karani hulazimika kunakili kilo kwa mkono kutoka kwenye mizani. Hapo ndipo tarakimu hukosewa, na anayepunjika ni mkulima.

Maana ya kiwango

Mkulima anaelewa jambo hili kuliko anavyodhani. Kilo ni kiwango. Mnunuzi anapokataa kilo na kudai gunia la lumbesa, muuzaji huumia kwa sababu hakuna kipimo kilichokubaliwa na pande zote mbili. Katika kompyuta, kiwango cha kuunganishia vyombo ni mapatano ya maandishi juu ya mambo manne: umbo la tundu, idadi ya nyuzi zilizomo katika waya, nguvu ya umeme inayopita, na lugha ambayo vyombo viwili hutumia kupashana habari. Jambo moja likitofautiana, vyombo havielewani hata kama vyote ni vizima.

Wakati wa matundu mengi

Kiwango kiitwacho RS-232 kilianza Marekani mwaka 1960. Hupitisha habari biti moja baada ya nyingine, kama watu wanaopita mlango mwembamba kwa zamu. Ni cha polepole, lakini waya wake waweza kufika kiasi cha mita 15 bila taabu, na mizani nyingi za kielektroni zingali na tundu lake, ambalo kwa kawaida huwa na vipini tisa. Kampuni ya Centronics ya Marekani ilileta mtindo mwingine kwa ajili ya printa mwaka 1970: biti nane hupita kwa pamoja katika nyuzi nane. IBM iliufuata mtindo huo katika kompyuta yake ndogo ya mwaka 1981, na mwaka 1987 ikaongeza matundu madogo ya duara kwa kibodi na kipanya.

Matokeo yake ni kwamba mgongo wa kompyuta ulijaa matundu ya kila namna, na kila chombo kikawa na mlango wake peke yake. Mara nyingi ilibidi kompyuta izimwe kabla ya kuchomeka chombo kipya, na wakati mwingine hata kufunguliwa ili kutiwa kadi ndani yake.

Washindani wawili

Katika miaka ya 1990 yalitokea mapatano mawili ya kuondoa udhia huo. La kwanza ni FireWire, lililokubaliwa kuwa kiwango rasmi mwaka 1995 kwa jina la IEEE 1394. Kampuni ya Apple ndiyo iliyokuwa mbele katika kazi hiyo, pamoja na Sony na nyinginezo. La pili ni USB, lililotolewa Januari 1996 na kundi la kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na NEC.

Kwa mwendo, FireWire haikuwa na mshindani. Ilipitisha megabiti 400 kwa sekunde, wakati USB ya kwanza ilipitisha 12 tu. Yaani zaidi ya mara thelathini. FireWire iliweza pia kutoa umeme mwingi zaidi, na vyombo vyake viliweza kuongea vyenyewe kwa vyenyewe bila kompyuta kuwa katikati. Watengenezaji wa kamera za video waliipenda kwa sababu hizo.

USB kwa upande wake iliweka kazi ya kufikiri ndani ya kompyuta, na kukiachia chombo kazi ndogo tu. Kwa hiyo kibodi, kipanya au printa ya USB iliweza kutengenezwa kwa gharama ndogo. Tena mtengenezaji hakutozwa ada kwa kila tundu. Apple, kinyume chake, mwaka 1999 ilijulikana kudai dola 1 kwa kila tundu la FireWire. Ada hiyo ilipunguzwa baadaye kuwa senti 25 kwa chombo kizima, lakini watengenezaji wengi walikuwa wamekwisha kuchagua njia nyingine.

Mwaka 1998 Apple yenyewe ilitoa kompyuta ya iMac yenye USB na kuyaacha matundu yake ya zamani. Mwezi Aprili 2000 ikatoka USB 2.0 yenye megabiti 480 kwa sekunde. Katika kuhamisha mafaili makubwa mfululizo, FireWire ya 400 mara nyingi ilikuwa ingali mbele ya USB hiyo ya 480, kwa kuwa tarakimu ya karatasini si mwendo wa kazini. Hata hivyo soko lilikuwa limekwisha kuamua. Chombo cha muziki cha iPod, kilichoanza mwaka 2001 kwa FireWire peke yake, kilianza kuiacha mwaka 2005 na kupokea nyimbo kwa USB.

Funzo kwa chama ni wazi. Kiwango kilichodumu hakikuwa chenye mbio kuliko vyote. Kilikuwa kile ambacho wengi walikubaliana nacho na wote waliweza kukimudu. Anayenunua chombo hununua pia uwezekano wa kupata waya, fundi na kipuri miaka kumi baadaye.

Tundu moja, uwezo mbalimbali

Mwaka 2014 lilitolewa umbo jipya liitwalo USB-C: tundu dogo la mviringo ambalo plagi yake huingia upande wowote. Thunderbolt, kiwango cha mbio kilicholetwa na Intel na Apple mwaka 2011, nacho kilihamia katika umbo hilo mwaka 2015. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliamua kwa sheria kwamba simu mpya zinazouzwa humo ziwe na tundu hilo kuanzia tarehe 28 Desemba 2024.

Lakini ufanano wa umbo si ufanano wa uwezo. Waya mmoja wa USB-C waweza kupitisha megabiti 480, na mwingine, usio na tofauti kwa macho, ukapitisha gigabiti 40. Mmoja huchaji simu tu, na mwingine huendesha kompyuta nzima. Muuzaji asemaye “zote ni sawa” hajasema kweli yote.

Yanayompasa katibu kabla ya kununua

Kwanza, aorodheshe vyombo vyote vya chama, na mbele ya kila kimoja aandike aina ya tundu lake. Asiyejua jina la tundu achukue waya wenyewe aende nao dukani.

Pili, kama mizani ina tundu la vipini tisa na kompyuta mpya haina, adapta ya kugeuza RS-232 kuwa USB yaweza kutosha. Lakini isinunuliwe ya bei ya chini kuliko zote. Adapta zenye vipande bandia zimewahi kukataa kazi baada ya programu ya kompyuta kufanywa upya.

Tatu, adai majaribio kabla ya malipo. Mizani ipime mzigo, uzito uonekane katika kompyuta, na printa itoe stakabadhi yenye uzito ule ule. Ahadi ya mdomo haitoshi.

Nne, apime umbali kati ya mizani na meza ya karani. Waya wa USB 2.0 haupaswi kuzidi mita 5. Kwa umbali mkubwa zaidi, RS-232 ya zamani bado ina faida yake.

Tano, aina ya matundu na uwezo wake iandikwe katika hati ya kuagiza na katika muhtasari wa Bodi, ili vyombo vikija tofauti chama kiwe na haki ya kuvirudisha.

Orodha hiyo ya matundu yatosha kuandikwa katika ukurasa mmoja, nayo iwekwe pamoja na daftari la mali ya chama. Katibu akibadilishwa, mrithi wake ataikuta hapo, na wanachama wataweza kuuliza juu yake katika Mkutano Mkuu kama wanavyouliza juu ya mali nyingine yoyote waliyoinunua kwa jasho lao.