Sonona Isiyo na Pa Kusemewa

Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa wanaume 300 wa Dar es Salaam na Tanga wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao. Karibu nusu yao walikuwa na sonona, nayo iliendana na matusi na udhalilishaji waliotendewa. Wasichana wanaopenda wenzao hawakuhesabiwa. Tena uchunguzi huo ulifanywa katika kipindi cha nafuu.

Sheria haikuwa mpya: kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha miaka 30 hadi maisha kwa mapenzi ya aina hiyo. Kilichogeuka ni utekelezaji. Julai 2016 Wizara ya Afya ilizuia usambazaji wa vilainishi vya ngono. Februari 2017 ikafunga vituo 40 vya huduma za Ukimwi kwa makundi maalumu, kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, akawataka wananchi wamtumie majina ya mashoga. Serikali ilijitenga na kauli yake baada ya siku chache, ila mwenyewe alikwishatangaza kupokea maelfu ya ujumbe. Waliotuma huenda walikuwa majirani, na hao hawakutoa kanusho lolote.

Mwaka 2003 mtafiti Ilan Meyer wa Marekani alieleza jinsi ubaguzi unavyohama kutoka nje kuingia nafsini: mtu hutarajia kukataliwa, hujificha, mwisho hujichukia. Kijana wa Kimbiji hahitaji kukamatwa ili hayo yampate. Kule pwani ya Kigamboni watu wanajuana. Muuguzi wa zahanati huenda amesoma na dada yake. Kwake kituo cha mjini kilifaa kwa sababu kilikuwa mbali, ng'ambo ya kivuko, na mwelimishaji rika hakumshangaa. Hapo ndipo alipoweza kujieleza bila kuchuja maneno. Kikifungwa, dawa zinabaki hospitali ya serikali, lakini msikilizaji hayupo. Anayeogopa kuulizwa huahirisha kliniki, na sonona yenyewe huvuruga umezaji wa dawa za kufubaza virusi. Waelimishaji rika ndio pia waliojua nani ametoweka. Bila wao, ukimya katika taarifa za wilaya unaweza kusomwa kama afya njema.

Kwa anayefika ukingoni, kifungu cha 217 cha Kanuni hiyo hiyo kinafanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Akiokolewa na kuulizwa sababu, jibu la kweli linaweza kumfungulia jalada la pili.