Mfarishi Huchakaa Kuanzia Ukingoni

Chukua mfarishi uliotumika miaka kadhaa, uutandaze kitandani, kisha upapase ukingo wake kwa kidole. Huenda viraka vya katikati bado ni vizima na rangi zake zinapendeza, lakini ukingoni utakuta kitambaa kimelika, nyuzi zimechomoza na pamba inachungulia. Hapo ndipo mikono inapoushika kila usiku na kuuvuta hadi shingoni. Hapo ndipo unapokwaruzana na ubao wa kitanda, na hapo ndipo unapokamuliwa siku ya kufuliwa. Kwa hiyo nawasihi wanaojifunza ushonaji: pindo msilifanye kwa haraka ya kumaliza kazi. Lipeni muda uleule mlioupa viraka.

Kanga ukiinunua, unaikata doti katikati na kuipinda: kitambaa kinajikunja na mshono unapita. Mfarishi haupindiki hivyo, kwa sababu una matabaka matatu: viraka juu, pamba katikati, bitana chini. Ukiyakunja yote pamoja unapata ukingo mnene, mgumu, usiolala. Dawa yake ni kuuvisha ukingo utepe wa kitambaa.

Kata tepe zenye upana wa sentimita 6.5. Mfarishi wa sentimita 120 kwa 150 una mzunguko wa sentimita 540; ongeza 40 za pembe na kiungo cha mwisho. Kwa kitambaa chenye upana wa sentimita 110, tepe 6 zinatosha, na zote zinatoka katika kipande cha sentimita 40 tu. Ziunge kwa mshono wa mshazari, ili unene wa kiungo utawanyike badala ya kurundikana mahali pamoja. Kisha kunja utepe katikati kwa urefu wake, uwe maradufu, na uupige pasi. Mfarishi wenye kingo za mviringo unahitaji utepe uliokatwa mshazari, kwa maana huo hunyumbuka na kufuata mzunguko. Tena una faida nyingine: nyuzi zake hupita ukingoni kwa kukingama, hivyo msuguano hauuangukii uzi mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Upande wa mbele tumia cherehani bila wasiwasi. Linganisha kingo mbichi za utepe na ukingo wa mfarishi, ushone milimita 6 kutoka ukingoni. Unapokaribia pembe, simama milimita 6 kabla ya kufika mwisho, kunja utepe kwenda juu kwa mshazari, urudishe chini kufuata upande unaofuata, kisha endelea. Ukimaliza, pindua utepe uende nyuma. Mkunjo wake ufunike mstari wa cherehani, na ndani yake pawe pamejaa pamba. Utepe mtupu hubonyea na kuchakaa upesi.

Sasa shika sindano. Chagua nyembamba yenye ncha kali, na uvae subana, kwani kidole kisicho na kinga kitachoka kabla ya kufika pembe ya pili. Uzi uwe wa rangi ya utepe, si ya bitana, kwa sababu utepe ndio unaoshikwa kila tundu. Urefu wa uzi usizidi sentimita 45. Uzi mrefu hujisokota, hujifunga na kulika kila unapopita kitambaani. Ukiupitisha kwenye nta kwanza, utateleza vizuri zaidi.

Ficha fundo chini ya utepe, kisha toa sindano kwenye ukingo wa mkunjo. Iingize katika bitana mkabala kabisa na ilipotokea, itembeze ndani kwa milimita 3 hivi ikichukua bitana na pamba kidogo, halafu itoe na udake nyuzi mbili tatu za mkunjo. Vuta taratibu hadi uzi uzame, bila kukunyata kitambaa. Mkono wa chini uwe unapapasa upande wa mbele: ukihisi ncha ya sindano, umezama mno. Huu ndio mshono wa kujificha ninaoupenda, maana sehemu ndefu ya uzi inalala ndani, isikofikiwa na msuguano.

Wengine hushona kwa kuuzungusha uzi juu ya mkunjo, tundu fupi fupi zilizoinama. Mshono huo unaonekana, lakini unashika kwa nguvu, nao unafaa kwa mfarishi wa mtoto unaofuliwa kila wiki. Vyovyote utakavyochagua, rudia tundu moja mahali pamoja kila baada ya upana wa kiganja. Uzi ukikatika, pindo litafunguka hapo tu, halitafumuka upande mzima.

Penye pembe, laza mkunjo wa nyuma kinyume na ule wa mbele ili unene ugawanyike, kisha ushone mshazari wake pande zote mbili. Pembe iliyoachwa wazi hunasa vidole na kuchanika.

Wapo mafundi wanaoanza na ukingo badala ya kumalizia nao. Huko Karnataka, India, wanaishi Wasiddi, ambao wazee wao walitoka Afrika, wengine wakiwa wamepelekwa Goa utumwani na Wareno. Wanawake wao hushona mfarishi uitwao kawandi kutokana na nguo kuukuu. Huanzia penye pembe, hukunja kingo ndani, kisha huzunguka kwa bandi hadi kufika katikati. Kwenye pembe hushonea vipande vidogo vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Bila hivyo, kwao kawandi ni kama iko uchi.

Lipo jambo moja zaidi linalonifanya niutetee mshono wa mkono. Utepe hata ukishonwa vizuri namna gani, siku moja utachoka. Tundu za mkono zinafumuliwa moja moja bila kuijeruhi bitana. Mstari wa cherehani wa mbele utaufumua kwa subira. Kisha unakata utepe mpya na kuuvika mfarishi uleule, nao unarudi kitandani.