Ujuzi wa Fundi wa Mkataba Unanolewa kwa Gharama ya Nani?

Mjini Nairobi, katika nchi jirani ya Kenya, wako wafanyakazi wengi wasiopiga saa getini, wasio na msimamizi wa zamu, na ambao majina yao hayamo katika orodha ya mishahara ya kampuni yoyote. Hao ni mafundi wa kompyuta wa mkataba. Huchukuliwa kwa miezi mitatu au sita ili watengeneze programu, waunganishe mitambo ya benki na ya simu, au wahamishe kumbukumbu za ofisi. Kazi ikiisha, nao huondoka. Wako wanaowaona kuwa mabwana wadogo kwa sababu hubeba kompyuta begani na kufanya kazi mahali popote. Sisi tunawahesabu kuwa wafanyakazi wenzetu, kwa sababu wanachouza ni jasho na ujuzi wao.

Lakini jasho na ujuzi havifanani. Mwili uliochoka hupata nguvu baada ya usingizi wa usiku mmoja. Ujuzi usiponolewa huchakaa, na siku mwenyewe anapogundua umechakaa, mkataba umekwisha kwenda kwa mwingine.

MASHINE HAIMNGOJI MTU

Kwetu Tanzania kompyuta ya kwanza iliingia Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje. Wakati huo swali lilikuwa kama mashine iingie au isiingie. Leo mashine imo kila ofisi, na swali ni lingine: inapobadilika, nani anabeba mzigo wa kubadilika nayo?

Tutazame Kenya. Huduma ya M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 2015 mitambo yake ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya, na mwaka 2017 ikafunguliwa njia mpya iitwayo Daraja, ili watengenezaji wa programu waunganishe maduka na ofisi na malipo hayo. Fundi aliyekuwa akipata riziki kwa kuijua njia ya zamani ilimbidi ajifunze upya. Si huko tu. Flash, iliyowalisha watengenezaji wengi wa michezo na matangazo, ilikomeshwa na wenyewe tarehe 31 Desemba 2020. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Maamuzi hayo hufanywa mbali sana, na fundi wa Nairobi au wa Dar es Salaam haulizwi.

Mwaka 2009 waya mkubwa wa mawasiliano wa chini ya bahari ulifika Mombasa na Dar es Salaam. Ulileta kazi kutoka ng'ambo, na pamoja na kazi ulileta ushindani: kazi anayoiomba kijana wa Nairobi huombwa saa ileile na kijana wa Manila na wa Bangalore. Kisha Novemba 2022 ikatolewa ChatGPT, na baada yake zikaja mashine nyingine za akili mnemba ziwezazo kuandika programu. Kazi ndogondogo ambazo fundi mchanga alianzia, mashine hizo huzifanya kwa dakika chache. Bado anatakiwa mtu wa kukagua kilichoandikwa na kukiwajibikia kikiharibika. Lakini mkaguzi hawezi kukagua asichokijua, na asiyepewa pa kuanzia atakuwaje mkaguzi?

KIPI HUCHAKAA, KIPI HUDUMU

Si ujuzi wote unaochakaa kwa kasi moja. Lugha ya COBOL ilizaliwa mwaka 1959, na mpaka leo kuna benki duniani zinazoitegemea. Mfumo wa Unix ulianza mwaka 1969. Lugha ya SQL, ya kuulizia kumbukumbu, ilibuniwa katika miaka ya 1970, na anayeijua vizuri hakosi mahali pa kuitumia. Vinavyopita upesi ni vifaa vya juu: toleo hili, kiwanda kile, jina jipya la msimu.

Kwa hiyo fundi mwenye busara hugawa masomo yake mafungu mawili. Fungu kubwa ni misingi: jinsi kompyuta zinavyozungumza, jinsi kumbukumbu zinavyopangwa na kulindwa, jinsi ya kutafuta kosa mpaka kulipata. Fungu dogo ni kifaa kinachotakiwa sokoni mwaka huo. Mwenye misingi hujifunza kifaa kipya kwa wiki chache, lakini mwenye kifaa peke yake huanza upya kila mara.

NANI HULIPA?

Hapa ndipo penye shina la jambo. Nchini Kenya mwajiri hulipa tozo ya mafunzo ya shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi aliyemwajiri, na fedha hizo husimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA. Kwetu pia waajiri hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Lakini fundi wa mkataba wa huduma hahesabiwi kuwa mwajiriwa. Hakuna anayemlipia tozo, na malipo yake hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla hayajamfikia. Kampuni inataka ujuzi mpya kila mwaka, na gharama ya kuupata imemwachia yeye.

Gharama yenyewe si ndogo. Mtihani wa cheti cha mitandao cha CCNA ni dola 300 za Marekani, yaani karibu shilingi 39,000 za Kenya kwa kima cha 2025, na cheti hicho hudumu miaka mitatu tu. Wakati nao ni gharama. Anayesoma saa tano kwa wiki, kwa wiki 50, ametoa saa 250. Hizo ni zaidi ya wiki sita za kazi ya saa 40, na hakuna aliyemlipa.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba masomo yaingizwe katika bei. Tutoe mfano. Mwaka una siku za kazi zipatazo 260. Toa sikukuu 12, likizo 21, ugonjwa 7, siku 30 za kutafuta mkataba mwingine na siku 30 za kujifunza. Zinabaki siku 160 za kulipwa. Anayehitaji shilingi 1,600,000 kwa mwaka lazima atoze 10,000 kwa siku. Akigawa kwa 260 atatoza kama 6,150, atajiona ana kazi nyingi, na baada ya miaka mitatu atakuwa hana akiba wala ujuzi mpya.

DAWA NI UMOJA

Hata hivyo bei ya haki haiwezi kushikwa na mtu mmoja. Akiitaja peke yake, kazi hupewa jirani yake kwa bei ya chini. Tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wanaokagua maandishi na picha za mitandao walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuunda chama chao. Wengi walikuwa wa kazi za mikataba, waliodhaniwa hawawezi kukusanyika. Mafundi wa programu nao wanaweza.

Tunaona mambo matatu ya kuanzia, kwa Kenya na kwetu pia. Kwanza, mafundi waunde vikundi vya kusoma pamoja, wachangie vitabu na ada za mitihani, na mkubwa amfundishe mdogo. Pili, wakubaliane kima cha chini cha malipo ya siku, na mkataba wowote unaozidi miezi mitatu uwe na saa za mafunzo zinazolipwa. Tatu, vyama vyetu vidai kwamba anayenunua kazi ya mkataba naye achangie tozo ya mafunzo, na fundi wa mkataba apate haki ya kuomba fedha hizo.

Shoka hutumika kwa faida ya mwenye shamba. Haifai gharama ya kulinoa iwe ya mkata kuni peke yake.