China: Jina la mwanamke kwenye boriti lilivyofichua umri wa hekalu la Foguang

Kwa miaka mingi, wataalamu wa Japani walisema kwamba China haina tena hata jengo moja la mbao lililobaki tangu utawala wa Tang, ulioanza mwaka 618 na kuisha mwaka 907. Mwenye kutaka kuona majengo ya wakati ule, walisema, aende Nara, nchini Japani. Mwezi wa saba mwaka 1937, bwana na bibi mmoja, wote wataalamu wa ujenzi, walifika kwenye mlima Wutai, katika jimbo la Shanxi, kaskazini mwa China, wakaonyesha kwamba maneno hayo si kweli.

Bwana aliitwa Liang Sicheng, bibi Lin Huiyin. Walikuwa wameona picha zilizopigwa na Mfaransa Paul Pelliot ndani ya mapango ya Dunhuang, magharibi mwa China. Kwenye ukuta wa pango moja kumechorwa mlima Wutai na mahekalu yake, na kati yake kuna hekalu la Foguang, maana yake "Mwanga wa Buddha". Wakajiuliza: je, hekalu hilo lingali limesimama? Wakasafiri na wenzao juu ya migongo ya nyumbu, kwenye njia nyembamba za milimani, mbali na mahekalu makubwa yanayotembelewa na mahujaji wengi.

Paa linalobebwa na mikono ya mbao

Walichokikuta ni ukumbi mkubwa uliojengwa juu kabisa ya kiwanja cha hekalu, mgongo wake ukielekea mlima na milango yake ikitazama magharibi. Unaitwa Ukumbi wa Mashariki. Upana wake ni mita 34 hivi, na kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma ni karibu mita 18.

Kinachovuta macho kwanza ni paa. Ni zito, lina miteremko minne, na kingo zake zinatokeza nje ya nguzo karibu mita 4, ili mvua isifikie kuta na mbao. Uzito huo wote unashikwa na kile Wachina wanachokiita dougong: vipande vya mbao vilivyopangwa juu ya kila nguzo, kimoja juu ya kingine. Dou ni kipande kinachofanana na kipimo cha zamani cha nafaka. Gong ni mkono uliopinda kama upinde. Vipande vinaingiliana kwa kuchongwa, bila kutegemea misumari. Ardhi ikitetemeka, viungo vinacheza kidogo na kurudi mahali pake, badala ya kuvunjika.

Katika majengo ya karne za baadaye, dougong zilikuwa ndogo, nyingi zikiwa za kupamba tu. Hapa kimo chake kinakaribia nusu ya kimo cha nguzo, na bila hizo paa linaanguka. Kwa Liang na Lin, hiyo ilikuwa alama ya kwanza ya uzee wa jengo.

Siku tatu za kuosha boriti

Lakini alama si ushuhuda. Wakapanda hadi gizani, juu ya dari, kati ya vumbi nene, popo kwa maelfu na kunguni. Huko waliona mbao mbili zilizoegemeana kama herufi V iliyogeuzwa, zikishika kilele cha paa: ufundi ambao Liang alikuwa ameusoma tu vitabuni.

Tarehe ilipatikana kwa macho ya Lin. Akiwa amesimama chini, aliona maandishi hafifu ya wino kwenye boriti, na kati yake jina la mwanamke: Ning Gongyu. Wakapasua mashuka, wakayalowesha maji na kuosha boriti. Wino ulionekana mbao zikiwa na maji, zikikauka unapotea tena. Kazi ya kusoma yote ilichukua siku tatu. Kiisha, jina hilohilo likaonekana kwenye nguzo ya jiwe mbele ya ukumbi, pamoja na mwaka: 857.

Mwaka huo una maana yake. Mnamo 845, mfalme Wuzong aliamuru mahekalu ya Kibuda yabomolewe nchini mwote, na watawa zaidi ya 260,000 walirudishwa katika maisha ya kawaida. Foguang nalo lilibomolewa. Mfalme alikufa mwaka uliofuata, na dini ikaruhusiwa tena. Ukumbi wa Mashariki ni kazi ya wale waliorudi kujenga upya, na Ning Gongyu ndiye aliyetoa mali yake. Sanamu yake ingalimo ndani, mwanamke aliyeketi kwa unyenyekevu kando ya sanamu kubwa za Buddha. Mtawa wa hekalu aliwaambia wageni kwamba ni malkia Wu. Maandishi yalionyesha kwamba ni yeye mfadhili.

Siku chache baadaye, wakiwa njiani, wataalamu hao walipata habari kwamba vita kati ya Japani na China vilikuwa vimeanza tangu tarehe 7 mwezi huohuo.

Kutengeneza bila kufanya kuwa jipya

Foguang liliwekwa chini ya ulinzi wa serkali mwaka 1961, na mwaka 2009 mlima Wutai ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Lakini swali gumu limebaki: jengo la namna hii litengenezwe hadi wapi?

Mfano uko karibu, katika hekalu la Nanchan, ambalo ni la mwaka 782. Baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1966, ukumbi wake ulifanyiwa kazi kubwa kati ya 1974 na 1975. Mafundi waliondoa sehemu zilizoongezwa baadaye na kurefusha kingo za paa, ili zifanane na walichofikiri kilikuwapo mwanzoni. Jengo liliokolewa, lakini sehemu ya kile anachokiona mgeni leo ni makisio ya wataalamu.

Ukumbi wa Foguang haukufunguliwa namna hiyo. Chuo kikuu cha Tsinghua, ambako Liang alianzisha masomo ya ujenzi mwaka 1946, kiliupima upya na kutoa ripoti mwaka 2011. Kazi ya namna hiyo inasaidia kujua ni wapi mbao zinapinda, kabla ya mtu kugusa chochote.

Adui mkubwa ni maji. Mwezi wa kumi mwaka 2021, mvua kali zilinyesha Shanxi kwa siku kadhaa, na majengo na maeneo ya kale zaidi ya 1,700 yakapata madhara: mapaa kuvuja, kuta kuanguka. Kigae kimoja kikihama, maji yanaingia hadi kwenye boriti, na boriti ikioza inabidi ibadilishwe. Hapa boriti si mbao tu: juu yake ndipo wino wa mwaka 857 ungali unasomeka, pamoja na jina la Ning Gongyu.