Jasho Haliunguzi Neva

“Daktari, apumzike kwa muda gani ndipo akili imrudie?” Anauliza mume, anauliza mama mzazi, anauliza dada mkubwa. Mgonjwa mwenyewe yuko palepale kitini, amenyamaza. Nyumbani haruhusiwi hata kuosha kikombe. Ana MS, yaani maltipo sklerosisi, ugonjwa wa neva. Mazungumzo yanampita, chenji anaihesabu mara mbili, jibu lake linakuja wenzake wamekwisha hamia habari nyingine. Basi ndugu wamekata shauri: asitembee wala asitoke jasho, maana “joto linaunguza neva”.

Haliunguzi. Nalisema polepole kwa sababu nimechoka kulisema haraka.

Kinachowatisha ni jambo la kweli lililoeleweka vibaya. Mgonjwa wa MS akipanda joto mwilini, hata nusu ya digrii, anaweza kuona ukungu, miguu ikalegea, mawazo yakagoma. Daktari wa macho wa Ujerumani, Wilhelm Uhthoff, alilieleza hilo mwaka 1890, akalaumu kule kujitumikisha kwa mwili. Baadaye ikajulikana kuwa kisa ni joto: neva iliyopoteza utando wake wa mailini hupitisha ishara kwa taabu, na joto likiongezeka kidogo, ishara hukwama. Mwili ukipoa, hupita tena. Kabla ya kuwapo kipimo cha MRI, madaktari walifikia hata kumwingiza mgonjwa katika maji ya moto ili dalili zijitokeze na ugonjwa utambulike. (Msijaribu nyumbani.) Ule mfano wa waya uliochunika, unaopendwa sana kwenye vipeperushi, ndio uliowapoteza watu. Wakisikia waya wanawaza shoti na moto. Neva haipigi shoti.

Kwa miongo mingi wagonjwa waliambiwa walale. Mwaka 1996 Jack Petajan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 54. Waliopangiwa mazoezi ya kuhemesha waliyafanya mara tatu kwa wiki, dakika 40 kila mara, kwa wiki 15. Pumzi yao iliongezeka, misuli ikapata nguvu, na ulemavu haukuzidi. Tafiti zilizofuata, zilipojumlishwa, hazikuonyesha kuwa wanaofanya mazoezi hushambuliwa na ugonjwa zaidi ya wanaokaa. Anayekalishwa kwa huruma ndiye anayepungua: misuli inanywea, usingizi unavurugika, huzuni inaingia. Usingizi mbovu na huzuni, hata kwa asiye na MS, huifanya akili iwe nzito. Kisha ndugu wanauona uzito huo na kumwongezea mapumziko!

Sasa nanyi mnaopita mkiahidi kuwa mbio zitamrudishia mtu kumbukumbu, tulieni. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya CogEx, utafiti wa watu 311 wenye MS ya kuendelea, yaani inayozidi kidogo kidogo, katika nchi sita. Kwa wiki 12, waliochanganya mazoezi ya kuhemesha na mafunzo ya kompyuta ya kunoa akili hawakuwapita kwa kasi ya kufikiri wale waliopewa programu nyepesi za kulinganishia. Ndivyo hali ilivyo. Ninaagiza mazoezi kwa ajili ya pumzi, uchovu, mwendo na moyo mkunjufu. Kasi ya kufikiri ikiongezeka, tutashukuru, ila siiuzi.

Haya, ya kufanya. Kwa mwenye ulemavu mdogo au wa kati: dakika 30 za kuhemesha kiasi, mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili, anayeanza aanze na dakika tano. Alfajiri, hasa huku pwani. Maji baridi ya kunywa kabla na katikati, taulo bichi shingoni, feni. Miguu haina uhakika? Baiskeli ya mazoezi au kiti. Dalili zikipanda, pumzika upoe, uendelee kesho. Dalili mpya ikipita saa 24 njoo kliniki. Ukiwa na homa au mkojo unachoma, njoo mapema zaidi, maana maambukizi hupandisha joto na kuiga shambulio. Dawa ya MS usiiache. Dawa za usingizi na za maumivu zilete mezani tuzikague, baadhi hulevya akili kuliko ugonjwa wenyewe. Na kikombe chake aoshe mwenyewe.