MSITU BILA DAFTARI HUFA BILA HABARI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Msemo huu tumezoea kuutumia kwa mambo ya duka na sanduku la fedha. Lakini yaliyotokea katika misitu ya mikaratusi ya Australia ya Magharibi yanaonyesha kwamba miti nayo ni mali, na kwamba isipoandikwa huangamia huku watu wakiitazama.

Huko ndiko asili ya mkaratusi uitwao jarrah. Mbao zake nyekundu ni ngumu mno, hata mwishoni mwa karne ya 19 zilipelekwa Uingereza kutandika barabara za London. Mwaka 1921, mahali paitwapo Karragullen, karibu na mji wa Perth, miti hiyo ilionekana ikikauka makundi kwa makundi. Majani yalipungua, ncha za matawi zikabaki tupu, na hatimaye mti ukasimama mkavu kama mlingoti. Kwa miaka zaidi ya 40 chanzo chake hakikujulikana.

Katikati ya miaka ya 1960, mtaalamu Frank Podger na wenzake walithibitisha kwamba adui yumo ardhini. Ni kimelea kiitwacho Phytophthora cinnamomi, ambacho kiligunduliwa kwanza katika midalasini ya kisiwa cha Sumatra na kuelezwa mwaka 1922. Kimelea hiki huozesha mizizi, na mti hufa kwa kiu ingawa maji yapo. Jambo la kusikitisha ni njia kilizopitia. Kilibebwa na matope ya magurudumu na viatu, tena na changarawe iliyochimbwa penye ugonjwa na kumwagwa katika barabara mpya za msituni. Waliotengeneza barabara za kuuhudumia msitu ndio walioeneza maradhi yake, bila kujua.

Hapo ndipo kupima na kuandika kulipogeuka kuwa ulinzi. Mwaka 1976 serikali ya jimbo hilo ilipiga marufuku magari kuingia ovyo katika sehemu kubwa za msitu, ili dalili zijitokeze na ramani zichorwe. Ndege zilipiga picha za rangi siku za mawingu, maana jua kali huleta vivuli vinavyoficha miti iliyokufa. Baada ya picha, wachunguzi huingia kwa miguu. Hawautazami mkaratusi peke yake, kwa kuwa jarrah huweza kuchukua miaka mingi kabla ya kufa. Hutafuta mimea midogo iliyo dhaifu zaidi, kama banksia, ambayo hutangulia kuanguka.

Mchunguzi mwema hahukumu upesi. Hujiuliza kwanza kama mmea umeuawa na moto, ukame au wadudu. Kisha huchukua udongo penye mizizi, na udongo huo hutiwa maji na kuwekewa miche michanga iwe chambo. Mizizi ya miche ikioza, huchunguzwa ili kimelea kitambuliwe. Kisipoonekana, hiyo si hakikisho kwamba hakipo, hupimwa tena. Mwishowe mpaka hufungwa utepe, na gari lolote huoshwa kabla ya kuuvuka.

Aidha, mwaka 1978 mtaalamu R. F. Grimes wa Queensland alitoa njia ya kuupima mti kwa kuutazama kichwa chake, yaani matawi na majani yote. Hutazamwa mambo matano: mahali pa kichwa hicho kati ya miti jirani, ukubwa wake, wingi wa majani, matawi makavu, na vichipukizi vinavyoota shinani. Kila jambo hupewa alama. Vichipukizi hivyo huwadanganya wengi, wakadhani mti umepona, kumbe unajitahidi kuokoa roho yake.

Ndugu msomaji, mambo haya hayako mbali nasi. Mikaratusi iliyoletwa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20 ndiyo inayotupa leo kuni, boriti na nguzo. Mwaka 2002 nyigu mdogo mno, ambaye asili yake ni Australia, alionekana Uganda na Kenya. Hutaga mayai katika majani machanga, yakavimba na kujikunja, na miche ikadumaa.

Askari polisi ajua thamani ya kitabu cha matukio, na mwanajeshi ajua kwamba doria isiyo na taarifa ni matembezi tu. Basi familia yenye mikaratusi na ifanye vivyo hivyo. Chagueni miti 10, mkaitie namba kwa rangi. Kila mwaka, mwezi uleule, simameni palepale, mwandike tarehe, wingi wa majani, matawi makavu, na vichipukizi vya shinani. Watoto wenye macho makali waweza kusaidia kazi hii. Mti ukianza kudhoofika, mwiteni afisa wa misitu na kumwonyesha daftari. Kabla ya kuhamisha udongo au miche kutoka shamba moja hadi jingine, safisheni majembe na viatu.

Jicho huzoea upesi linachokiona kila siku. Daftari halizoei, nalo litawaambia mapema kile ambacho watu wa Karragullen walingoja miaka 40 kukijua.