Kenya Katika Mwaka wa 1961: Ukame, Gharika na Kufunguliwa kwa Kenyatta

Si miaka mingi katika habari za Kenya iliyowaletea wenyeji shida na furaha kwa pamoja kama mwaka wa 1961. Katika miezi kumi na miwili hiyo nchi ilipiga kura, ikaona njaa, ikampokea kiongozi wake kutoka kizuizini, kisha ikafunikwa na maji.

Uchaguzi ulifanywa mwezi wa Februari. Kwa mujibu wa mapatano ya London ya 1960, Baraza la Kutunga Sheria lilikuwa na viti 33 vya wazi, na 20 vilivyowekewa Wazungu, Waasia na Waarabu. Si kila mtu mzima aliyeruhusiwa kupiga kura. Ilimpasa awe anajua kusoma na kuandika lugha yake, au awe amepita umri wa miaka 40, au awe na cheo au pato la kiasi fulani. Hata hivyo hiyo ilikuwa mara ya kwanza Waafrika kuwa wengi katika Baraza. KANU ilipata viti 19 na KADU viti 11.

Ingedhaniwa kwamba chama kilichoshinda ndicho kingeshika serikali. Haikuwa hivyo. KANU ilikataa kuingia serikalini mpaka Bwana Jomo Kenyatta afunguliwe, na Gavana, Sir Patrick Renison, hakukubali kumfungua wakati huo. Basi mwezi wa Aprili KADU, chini ya Bwana Ronald Ngala, ikaunda serikali kwa msaada wa chama cha Bwana Michael Blundell na wajumbe wengine. Serikali ya chama chenye kura chache haiwezi kuwa na nguvu nyingi, na neno la Kenyatta likawa ndilo swali la kila siku, sokoni hata Barazani.

Kenyatta alikuwa amekamatwa tarehe 20 Oktoba, 1952, akahukumiwa Kapenguria mwaka uliofuata, akafungwa Lokitaung na baadaye akazuiliwa Lodwar. Aprili 1961 alihamishiwa Maralal, na huko waandishi wa magazeti wakaruhusiwa kumwona na kumwuliza maswali. Tarehe 14 Agosti alirudishwa Gatundu, katika nyumba aliyojengewa na Serikali, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imebomolewa. Siku saba baadaye, tarehe 21 Agosti, aliachiliwa kabisa. Mwezi wa Oktoba akashika uongozi wa KANU. Bado ilikuwapo sheria iliyomzuia mtu aliyepata kufungwa zaidi ya miaka miwili asiwe mjumbe wa Baraza. Sheria hiyo ikabadilishwa, Bwana Kariuki Njiiri akakiacha kiti chake, na Januari 1962 Kenyatta akaingia Barazani.

Lakini kwa mkulima wa Machakos au mfugaji wa Kajiado, habari kubwa ya mwaka ule haikutoka Nairobi. Ilitoka mbinguni. Mvua zilikuwa zimepungua tangu 1960, na kufika katikati ya 1961 malisho ya Umasaini yalikuwa yamekwisha. Ng'ombe walikufa kwa maelfu. Wako wazee waliobaki na wanyama wachache tu katika zizi lililokuwa limejaa, na kwa mfugaji hasara hiyo ni zaidi ya kupoteza fedha, kwani mahari, maziwa na heshima ya nyumba vyote hutoka zizini. Katika Ukambani mahindi yalikauka mashambani, na watu wakalishwa kwa mahindi yaliyoletwa kutoka Marekani. Yalikuwa ya manjano, nao waliozoea meupe hawakuyapenda, ila tumbo tupu halichagui rangi.

Mwezi wa Oktoba mvua ikaanza, na wengi walishukuru. Haikukoma. Oktoba, Novemba na Desemba ilinyesha kwa kiasi ambacho watu hawakupata kukiona. Mto Tana ulifurika, barabara na madaraja yakachukuliwa, na malori ya chakula yakashindwa kupita. Ikawa ajabu ya kusikitisha: watu wale wale waliokuwa na njaa kwa kukosa maji sasa walikuwa na njaa kwa sababu ya maji. Chakula kikadondoshwa kwa ndege za jeshi la anga la Kiingereza, na Wakamba, ambao huipa kila njaa jina lake, hii wakaiita kwa jina la ndege, ndeke.

Zamani hizo sababu ya mvua ile haikujulikana. Siku hizi wataalamu wanaieleza hivi. Kwa kawaida maji ya Bahari ya Hindi huwa na joto zaidi upande wa Indonesia, na mawingu mengi hukusanyika huko. Mwaka wa 1961 mambo yaligeuka: upande wa Indonesia maji yakapoa, upande wa Afrika yakapata joto kupita kiasi. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi, na pepo zikauleta mvuke huo bara. Wataalamu waliieleza hali hiyo waziwazi na kuipa jina mwaka wa 1999 tu.

Mwaka ulipokwisha, Tanganyika ilikuwa imekwisha kupata uhuru, tarehe 9 Desemba, na Sir James Robertson alikuwa ametoa shauri kwamba ukanda wa Pwani, uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, uunganishwe na Kenya.

Maji yenyewe hayakuondoka upesi. Sehemu kubwa ya maji ya Ziwa Victoria hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, wala si mito, na njia ya kutokea ni moja tu, pale Jinja. Kwa hiyo ziwa lililojaa kwa miezi michache huchukua miaka mingi kupungua. Liliendelea kupanda hadi Mei 1964, likiwa limezidi mita mbili juu ya kipimo cha kabla ya mvua, na mashamba ya kando yake yakabaki chini ya maji. Kipimo hicho hakikufikiwa tena mpaka Mei 2020.